Je, Aliyesahau Ni Yeye Yule?

Tumchukue mama mmoja, mchuuzi wa samaki pale Homa Bay, ambaye asubuhi moja, akiwa katika kupara ngege kwa kisu kama ilivyo ada yake, amgeukia bintiye na kumwuliza, "Tumefikaje hapa?" Ajibiwa, aridhika, na kabla ya dakika chache kupita auliza swali lile lile kwa sauti ile ile, kana kwamba halijapata kumtoka kinywani. Jina lake alijua, wanawe awatambua, na mkono wake haukosei. Lililomwacha ni uwezo wa kuyahifadhi mambo ya sasa. Jioni uwezo huo utamrudia, lakini saa zile hatazikumbuka abadani. Maradhi haya, waliyoyaeleza madaktari Fisher na Adams mwaka 1964, huwapata hasa waliopita miaka 50, na hayazidi saa 24.

Kinyume chake ni yule ambaye, baada ya msiba au hofu kuu, husahau jina lake na ukoo wake, ilhali ajifunza njia mpya na nyuso mpya bila taabu, na ubongo wake ukipimwa hauonekani kuwa na jeraha. William James wa Marekani aliandika habari za mhubiri Ansel Bourne, aliyetoweka kwao Rhode Island Januari 1887, akafungua duka dogo Pennsylvania kwa jina la Brown, na baada ya miezi kama miwili akazinduka asijue limemleta nini huko.

Je, Bourne na Brown ni watu wawili? Locke, mwanafalsafa wa Uingereza, alishika kwamba nafsi ya mtu haivuki mpaka wa ufahamu wake. Mimi siikubali hukumu hiyo, na naona fiqhi ya Kiislamu, inayofuatwa na Waislamu wa Kendu Bay tangu zamani, imepiga mbizi zaidi. Mfungaji aliyekula kwa kusahau, saumu yake haibatiliki kwa kauli ya wanazuoni walio wengi. Aliyepotewa na akili hana taklifu, yaani wajibu wa kisheria, wala dhambi kwa alilolitenda katika hali ile. Lakini akivunja chombo cha jirani, fidia hutolewa katika mali yake. Tutafakari hapo: dhambi imeondolewa, na mwenye mali amebaki yeye yule, hata kama hakumbuki lolote.

Kwa hiyo naamini dhati ya mtu haikutiwa yote katika kumbukumbu yake. Sehemu yake ni amana kwa Mola, asiyesahau, na sehemu ni amana kwa watu. Wajaluo wa Migori humpa mtoto jina la marehemu wa ukoo, na marehemu huyo, asiyeweza tena kujikumbusha kwa mtu, huendelea kuitwa uani.

Na amana yataka kutunzwa. Huko Migori ndiko uliko Got Kwer, mlima mtakatifu wa kanisa la Legio Maria, ambalo waumini wake huombea wagonjwa pepo wawatoke. Maombi siyadharau hata kidogo. Lakini kandokando ya Ziwa Viktoria malaria ni nyingi, nayo ikipanda kichwani, kama kifafa na kushuka kwa sukari, hutwaa fahamu, na huweza kuua wakati sisi twabishana kama mgonjwa amerogwa au ajifanya. Ndugu msomaji, mpeleke hospitali siku ile ile, ufuatane na mtu aliyeyaona yaliyompata ili ayaeleze. Na mgonjwa akirudia swali lake mara ya kumi, mjibu kwa upole, wala usimwite mwongo.