Ulimi wa Kukinaisha na Ulimi wa Kuhadaa

Wahenga walisema kwamba maneno mazuri humtoa nyoka pangoni. Methali hii hutajwa kwa kusifu upole wa ulimi, na sifa hiyo ni haki yake. Walakini mwenye kufikiri hana budi kuuliza: nyoka huyo atolewapo, atolewa kwa maslaha yake, au atolewa apate kuuawa? Hili ndilo swali tutakalo kulitazama hapa. Kwani hapana siku impitayo mtu wa mji pasina kutaka kuigeuza rai ya mwenziwe: muuza duka na mnunuzi, dalali na mwenye nyumba, mzee na vijana waliogombana, mume na mkewe. Basi ni wapi mpaka ulio baina ya kukinaisha na kuhadaa?

Wako wasemao kwamba haki haihitaji kupambwa. Kizuri chajiuza, husema. Mwenye haki na aitamke, atakaye aikubali na asiyetaka aiache. Rai hii twaiona ina upungufu. Nabii Musa na nduguye Harun walipopelekwa kwa Firauni haki ilikuwa nao yote, na juu ya hayo waliamrishwa waseme naye kwa maneno laini. Na Ibn Rushd (1126–1198), aliyekuwa kadhi wa Cordoba, alieleza katika kitabu chake Fasl al-Maqal kwamba watu hawasadiki kwa njia moja: yuko asadikiye kwa hoja ya yakini, yuko asadikiye kwa mjadala, na yuko asadikiye kwa hotuba. Amwelezaye mgonjwa dawa kwa lugha asiyoifahamu hakumweleza kitu, ijapokuwa kila neno alilolitamka ni kweli. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui (1891–1947) alilijua hili. Alipotoa Sahifa hapa Mombasa mwaka 1930, kisha Al-Islah mwaka 1932, aliwaandikia watu wa mji kwa Kiswahili chao, na hali yeye ni bahari ya elimu ya Kiarabu. Basi kuchagua neno, wakati na njia si hila, bali ni kumheshimu unayesema naye.

Sasa na tulitazame neno lenyewe. Kukinai ni kutosheka. Aliyekinai ni yule ambaye moyo wake mwenyewe umetosheka, na hapana awezaye kukinai kwa niaba ya mwingine. Lakini wengi wetu hudhani kwamba aliyenyamaza ndiye aliyekinai. Mtu hunyamaza kwa haya, au kwa hofu, au kwa kuchoka na ugomvi, au kwa kuwa hana ufasaha wa kumjibu mwenye ufasaha. Msuluhishi huwashikisha mikono mahasimu wawili mbele ya watu, akarudi kwake akijisifu. Hata usiku haujaingia, uadui umerudi pale pale ulipokuwa. Huyo ameshinda, wala hakukinaisha.

Na kuhadaa si lazima kuwe kwa neno la uwongo. Imepokewa kwamba Mtume (S.A.W.) alipita sokoni akatia mkono katika rundo la chakula, akakuta chini yake mna majimaji. Mwenye mali akasema kwamba kilinyeshewa na mvua. Akaulizwa kwa nini basi asikiweke juu watu wakakiona, na hapo ndipo lilipotoka lile onyo zito juu ya mwenye kughushi. Haikutajwa katika habari hiyo kwamba muuzaji yule alitamka uwongo. Ule mpango wa rundo lake ndio uliomsemea. Dalali wa kiwanja naye aweza kusema kwamba barabara i karibu, na kwamba yuko mnunuzi mwingine ajaye alasiri na fedha taslimu, yote yakawa kweli. Lakini akinyamaza juu ya kesi iliyoko mahakamani, na akamharakisha mnunuzi hata asipate nafasi ya kwenda afisi ya ardhi kuipeleleza hati, amemhadaa kwa ukweli wenyewe.

Labda mfanyabiashara atatuuliza: nami nile nini, ikiwa nitaitangaza mali yangu kwa ubaya? Twamjibu kwamba hakuambiwa aidharau mali yake. Na aisifu kwa sifa iliyo nayo. Wala mwenye kuuza kwa kupatana bei hakulazimishwa na fikihi kusema aliinunua kwa kiasi gani. Hilo humpasa auzapo kwa murabaha. Kilichompasa ni kuitaja aibu aijuayo. Hapa ndipo twaupata mpaka tuliokuwa tukiutafuta. Kila unapotaka kumgeuza mtu rai, jiulize: lau huyu angeliyajua yote niyajuayo mimi juu ya jambo hili, maneno yangu yangelibaki na nguvu? Yakiwa yangelibaki, sema, na uyapambe utakavyo. Yakiwa nguvu yake yote yatokana na lile usilolisema, basi nyamaza, au liseme.

Na asidhani mwenye ufasaha kwamba akishinda mambo yamekwisha. Mtume (S.A.W.) aliwaonya waliohukumiana mbele yake kwamba huenda mmoja wao akawa fasaha zaidi ya mwenziwe, naye huhukumu kwa anayoyasikia, basi aliyepewa haki ya nduguye kwa sababu hiyo, amekatiwa kipande cha moto. Ikiwa hukumu ya Mtume mwenyewe haikuihalalisha mali kwa mwenye ulimi mwepesi, seuze hukumu ya kadhi wa leo, au mkataba uliotiwa saini kwa haraka dukani?

Kwa hivyo twawanasihi ndugu zetu wajifunze kusema vizuri, wala wasiwaachie ufasaha wenye hila peke yao. Lakini mkimaliza kusema, mwacheni msikilizaji aende zake, akawaulize watu wake, akalale nalo usiku mmoja. Neno la haki halipungukiwi kwa kulala. Lile liogopalo asubuhi, aliyelisema ndiye aijuaye sababu yake.

Na taufiki yatoka kwa Mwenyezi Mungu.