Mpishe Mwenzio Atazame

Ipo mali ambayo mtu hawezi kuificha hata akitaka, nayo ni mbingu ya usiku. Tajiri ana shamba lake na maskini ana kibanda chake, lakini wote wawili wakitoka uani baada ya chakula cha usiku na kuinua macho, huikuta mbingu ile ile. Hakuna aliyeizungushia ua, wala hakuna mwenye hati yake. Hata hivyo ipo furaha ya kuitambua, yaani kujua kwamba nuru ile nyekundu ni Mirihi, na ile ing'aayo magharibi katika miezi fulani jua likishatua ni Zuhura. Furaha hiyo hawanayo watu wote. Wengi wetu hupita chini ya nyota maisha yetu yote kama asiyejua kusoma apitavyo kando ya maktaba.

Swali ninalotaka tulitafakari, msomaji, ni hili: mtu aliyejaliwa kuionja furaha hiyo, je, ana deni kwa wenzake? Au ni starehe yake tu, kama mwingine apendavyo kahawa, na akitaka kukaa nayo peke yake hakuna wa kumlaumu?

Nianze na hoja ya wapendao upweke, kwa kuwa ni hoja nzito. Kutazama nyota ni jambo la ukimya. Macho huhitaji kama nusu saa kulizoea giza, na mgeni mmoja mwenye tochi aweza kuyaharibu yote kwa mara moja. Moyo nao huhitaji muda wa kutulia. Tena kuna kushirikisha kunakochosha: mtu anakuita uani si ili uzione nyota, bali ili umwone yeye anayezijua kwa majina. Basi anayesema, "Niacheni na mbingu yangu," si mchoyo moja kwa moja. Huenda anakimbia kelele.

Lakini hebu tujiulize upweke huo umetoka wapi. Mimi nilionyeshwa Kilimia na bibi yangu, mtu asiyejua kusoma wala kuandika. Alinyoosha kidole juu ya paa la jiko, akanihesabisha moja, mbili, hadi sita, akaniambia kwamba wenye macho makali huona ya saba. Jina lenyewe laeleza kazi yake: ni nyota za kulima. Wakulima wetu walizitazama wapate kujua majira, kama vile manahodha walivyotazama nyota nyingine wapate kujua njia. Bibi naye alionyeshwa na mtu, na mtu huyo na mwingine. Hata majina tunayotumia, Zuhura, Mirihi, Mshtarii na Zohali, yana asili ya Kiarabu, yakaingia katika lugha yetu kwa njia ya bahari na ya elimu. Wazungu nao nyota nyekundu iliyo karibu na Kilimia huiita Aldebaran, na hilo pia ni neno la Kiarabu, maana yake mfuasi, kwa sababu huchomoza nyuma ya Kilimia na kuifuata usiku kucha. Mwaka 964 mtaalamu wa Uajemi, Abd al-Rahman al-Sufi, aliandika kitabu cha nyota ambamo alitaja wingu dogo lililoonekana kwa shida. Leo twajua kwamba wingu lile ni galaksi ya Andromeda, ambayo mwanga wake husafiri kama miaka milioni 2.5 kabla ya kutufikia. Al-Sufi angeweza kuliona, akafurahi, akaenda kulala. Badala yake aliliandika. Kwa hiyo yule anayekaa peke yake chini ya nyota amezungukwa na umati wa watu waliomtangulia kunyoosha kidole. Upweke wake ni mzuri, lakini umejengwa kwa ukarimu wa wengine.

Sasa tumtazame mtu aliyejaribu njia nyingine. Galileo alipoigeuzia mbingu darubini yake, aliona mambo ambayo jicho la mwanadamu lilikuwa halijapata kuyaona. Mwezi Januari mwaka 1610 aligundua miezi minne inayoizunguka Mshtarii. Mwaka huo huo aliitazama Zohali, akaiona kama nyota tatu zilizoshikana, kwa kuwa darubini yake haikuwa na nguvu ya kuonyesha pete. Alitaka ijulikane kuwa yeye ndiye wa kwanza, lakini hakutaka wengine wajue ameona nini. Akafanya nini? Aliandika habari yake kwa sentensi moja ya Kilatini, akazivuruga herufi zake, akawapelekea wataalamu ule mchanganyiko usiosomeka. Johannes Kepler, mwanahisabati wa mfalme kule Praha, alihangaika kuzipanga herufi zile, akapata maana isiyokuwamo: kwamba Mirihi ina miezi miwili. La ajabu ni kwamba Mirihi kweli ina miezi miwili, lakini iligunduliwa mwaka 1877, na Galileo hakuwa na habari nayo.

Tusimhukumu Galileo kwa haraka. Zama zile mvumbuzi asiye na njia ya kulinda jina lake aliweza kuibiwa, na wengine baada yake walifanya vivyo hivyo. Lakini angalia yaliyotokea upande wa pili. Watu wengi hawakuisadiki ile miezi ya Mshtarii. Kepler aliisadiki kabla ya kuiona, akamwomba Galileo darubini ili athibitishe. Darubini za Galileo zilikuwa zikienda kwa wakuu na watawala, Kepler hakupata. Ilimbidi angoje hadi mtawala mmoja wa Ujerumani, Mteule wa Cologne, alipomwazima ya kwake kwa siku chache. Akatazama, akaiona miezi ile, akaandika ushuhuda uliochapishwa mwaka 1611. Ushuhuda huo ulimsaidia nani? Ulimsaidia Galileo mwenyewe.

Hapa pana fundisho ambalo mimi naliona kuwa kiini cha jambo hili. Twazoea kufikiri kwamba kushirikisha ni sadaka: ninacho, nakugawia, changu kinapungua. Kwa chakula na fedha ndivyo ilivyo. Kwa yale tunayoyaona si hivyo. Kilichoonwa na jicho moja ni habari tu, na mwenye jicho hilo mwenyewe hana hakika kama hakuota. Kikishaonwa na la pili huanza kuwa elimu. Anayemwita mwenzake atazame humpa zawadi, na wakati huo huo humwomba msaada. Humwambia, "Njoo uone kama nami naona sawasawa."

Mtu aliyeielewa njia hii kwa matendo alikuwa John Dobson. Alizaliwa Beijing mwaka 1915, akakulia San Francisco, akasomea kemia, kisha mwaka 1944 akajiunga na nyumba ya watawa wa Vedanta. Humo ndani alianza kutengeneza darubini kwa vitu vya kuokoteza: vioo vinene vya madirisha ya meli alivisugua kwa mkono hadi vikawa vioo vya darubini, na mwili wa darubini ulikuwa bomba la karatasi ngumu lile watumialo mafundi kumwagia nguzo za zege. Alizisukuma barabarani usiku ili majirani watazame. Mwaka 1967 aliondolewa katika utawa, na kazi hiyo ya darubini ilikuwa miongoni mwa sababu. Mwaka uliofuata yeye na wenzake walianzisha chama cha kutazama nyota kando ya njia. Kwa miaka mingi alisimama pembeni mwa barabara akiwaita wapita njia, mtu anayetoka kazini, mama na watoto wake, waje wautazame mwezi. Hakuwatoza chochote. Hakuuwekea haki ya umiliki ule ubunifu wake, na leo darubini za mtindo huo hutengenezwa ulimwenguni kote na huitwa kwa jina lake. Alifariki mwaka 2014, akiwa na umri wa miaka 98.

Ukifikiri juu ya kazi yake utaona kwamba tendo lake kubwa lilikuwa dogo sana: alipisha. Darubini ina tundu moja la kuchungulia, na tundu hilo latosha jicho moja. Mwenye darubini hawezi kukuonyesha Zohali bila yeye mwenyewe kuacha kuiona. Lazima asogee kando, asimame gizani, asione kitu, asikie tu mgeni akishusha pumzi kwa mshangao. Nadhani hicho ndicho kipimo cha kushirikisha kwa kweli. Nikikuonyesha nyota huku nimesimama mbele ya darubini, nimekuonyesha mgongo wangu.

Kipimo hiki chatufaa zaidi siku hizi, ambapo mtu hupiga picha ya mwezi kwa simu yake na kabla hajarudi ndani imekwisha kuonwa na watu wa mabara matatu. Siibezi njia hiyo. Mwaka 2007 wanasayansi walikuwa na picha za galaksi nyingi mno, wasiweze kuzipanga wenyewe, wakaziweka kwenye intaneti na kuwaomba watu wa kawaida wawasaidie. Katika mwaka wa kwanza zaidi ya watu 150,000 walijitokeza. Mmoja wao, mwalimu wa Uholanzi aitwaye Hanny van Arkel, aliona karibu na galaksi moja waa la ajabu lisilofanana na chochote. Hakujitapa. Aliuliza tu ni kitu gani. Wataalamu nao hawakujua, na swali lake likafungua uchunguzi: lilikuwa wingu kubwa la gesi lililoangazwa na galaksi ile. Aliwashirikisha wenzake mshangao wake, na hilo lilitosha. Mwingine huweka picha nzuri kuliko zote, lakini ukiichunguza waona kwamba anachotaka usifie ni kamera, safari na gharama. Njia ni moja, intaneti ile ile. Tofauti iko katika nani amepisha na nani amesimama katikati.

Kuna aina nyingine ya kupisha ambayo mara nyingi twaisahau, yaani kuwapisha walio karibu. Tarehe 12 Desemba 1970, kutoka jukwaa la Waitaliano lililosimama baharini karibu na Malindi, ilirushwa setilaiti ya kwanza iliyotengenezwa mahsusi kwa kutazama mbingu kwa mionzi ya eksirei. Kwa kuwa ilikuwa sikukuu ya uhuru wa Kenya, iliitwa Uhuru. Orodha yake ya mwisho ilitaja vyanzo 339 vya mionzi hiyo, na neno letu la Kiswahili likaingia katika vitabu vya elimu ya nyota duniani kote. Hilo ni jambo la fahari. Lakini mtoto wa mvuvi aliye pwani ile anastahili kusimuliwa habari hiyo kabla ya msomaji wa mbali. Elimu inayoruka bahari na kumpita jirani haijamaliza safari yake.

Na jirani huyo anazidi kuipoteza mbingu. Mwaka 2016 ilichapishwa ramani ya dunia ya mwanga wa taa zinazochafua anga la usiku. Ilionyesha kwamba zaidi ya asilimia 80 ya watu wanaishi chini ya anga iliyochafuliwa, na zaidi ya theluthi moja hawawezi tena kuiona Njia Nyeupe, ule ukanda wa nyota uliowashangaza babu zetu. Afrika bado ina sehemu kubwa zenye giza safi, lakini miji yetu inakua, na kila tunapojenga twawasha taa zinazomulika juu badala ya chini. Umeme ni neema, na hakuna mwenye akili atakayewatakia watu wa kijiji waendelee na vibatari ili yeye apate nyota za kutazama. Lakini taa iliyofunikwa vizuri kwa juu humulika njia ipasavyo, tena kwa umeme mdogo, nayo humwachia jirani mbingu yake. Kuifunika taa ni kupisha pia. Ni kumpisha mtu ambaye hata hajazaliwa.

Basi narudi kwenye swali. Je, mwenye kuijua mbingu ana deni? Mimi nasema analo, ingawa hakuna mahakama ya kumdai. Alilipokea kutoka kwa waliomnyooshea kidole, nao hawadai kulipwa, hivyo hana pa kulilipa ila kwa wanaokuja. Wala halihitaji darubini. Nuru ya Kilimia unayoiona usiku huu ilianza safari kiasi cha miaka 440 iliyopita, Wareno wakiwa pwani yetu na kabla hawajaanza kujenga Ngome ya Yesu. Imepita kimya karne zote hizo, nayo itaangukia paa la nyumba yako, pawe na mtu wa kuitazama au pasiwe na mtu. Mwite mtoto wa jirani. Mwonyeshe mahali pa kutazama, mhesabie hadi sita, kisha unyamaze, usogee kando, umwachie aitafute ya saba mwenyewe.