Je, Mwanga Wetu Una Mpaka?

Sisi sote twapenda mwanga, wala hatukosei kuupenda. Penye taa msafiri huona shimo kabla hajaanguka, na mwizi huogopa. Kwa hiyo mji wa pwani ukisimamisha nguzo za taa ufukoni, ili watu wapunge upepo jioni bila hofu, twasema umefanya vema. Lakini yafaa tuulize: jambo jema likimdhuru asiyekusudiwa, je, mwenye kulitenda anayo lawama?

Tutazame mambo ya Florida, nchini Marekani, ambako kasa wengi hutaga katika fukwe zilizojaa nyumba na barabara. Kasa jike hupanda pwani usiku, huchimba shimo mchangani, hutaga mayai yapatayo mia, huyafukia, kisha hurudi baharini. Baada ya miezi miwili hivi watoto hutoka, mara nyingi usiku, wala hawana mama wa kuwaonyesha njia. Kiongozi wao ni mwanga. Tangu zamani upande wa bahari ndio uliokuwa na weupe usiku, kwa kuwa maji hurudisha nuru ya mwezi na nyota, na upande wa bara ulikuwa mweusi kwa vilima vya mchanga na miti. Basi mtoto wa kasa huliacha giza, huufuata weupe, naye hufika majini.

Lakini penye taa nyingi, bara hung'aa kuliko bahari. Mtoto yule huzifuata taa, akafika barabarani na kukanyagwa na magari, au akatangatanga hata jua likamkausha, au akaliwa na kaa na ndege. Hakuasi, ametii vile alivyoumbwa kutii. Majike nao mara nyingi huuepuka ufuko unaong'aa.

Mtu atasema, "Je, tuwaache watoto wetu wapite gizani kwa ajili ya kasa?" Swali hili ni la haki, wala hatulidharau. Mama atokaye sokoni usiku hapaswi kuhatarishwa kwa ajili ya mnyama. Kama ingekuwa lazima kuchagua mmoja, tungejua la kuchagua. Lakini tuchunguze kwanza kama lazima hiyo ipo kweli.

Mwaka 1993 jimbo la Florida lilitoa mfano wa kanuni za taa kwa miji yake ya pwani. Wataalamu wa huko wafundisha mambo matatu: taa iwe chini, karibu na njia inayomulikwa, ifunikwe, ili isionekane kutoka ufukoni, na rangi yake iwe ya kaharabu au nyekundu, maana mwanga mweupe na wa buluu huwavuta kasa zaidi. Tena taa isiyo na kazi izimwe. Angalieni, ndugu: katika hayo hakuna linalomnyima mpita njia haki yake. Taa kali isiyofunikwa humtia kiwi machoni, asimwone aliyesimama kivulini. Iliyofunikwa vema humwonyesha mahali pa kukanyaga. Basi mara nyingi hatuchagui kati ya mtu na kasa, bali kati ya uangalifu na uvivu.

Twakubali kwamba kubadili taa kwagharimu fedha. Lakini penye ufuko usio na nguzo bado, ni rahisi kuanza vizuri kuliko kung'oa baadaye. Neno hili latuhusu na sisi, kwa kuwa kasa hutaga Mafia na upande wa Pangani, na nyumba za pwani zazidi kuongezeka.

Turudi kwenye swali letu. Mkulima akichoma majani shambani mwake, na moto ukavuka mpaka ukala shamba la jirani, hatumwachilii kwa kusema nia yake ilikuwa njema. Twamwuliza, "Mbona hukuulinda moto wako?" Mwanga nao ni vivyo hivyo. Asiyejua madhara yake aweza kusamehewa. Aliyekwisha kuambiwa hana udhuru. Giza la ufukoni si mahali patupu panapongoja kujazwa. Lina wenyewe, waliolitumia kabla hatujajenga. Tuwashe taa zetu, lakini tuziwekee mipaka, zimulike njia yetu pasipo kuipoteza njia ya wengine.