Masika Yako Mlangoni, Wanangu

Wanangu motari, madereva wa pikipiki za abiria wa Kimironko hapa Kigali, dalili ya mvua ni mawingu, na mawingu mmeyaona. Februari inakatika, manyunyu ya jioni yameanza kulaza vumbi la njia ya Zindiro, na Machi haitafika mbali kabla itumba, masika yetu, halijatushukia. Shirika la hali ya hewa, Meteo Rwanda, hutoa utabiri wa msimu wa Machi hadi Mei mapema, na hakuna asiyejua kuwa Aprili ndiyo yenye mvua nyingi. Basi asije mtu kuniambia mvua ilimvamia. Haya niliyasema masika yaliyopita, na yale ya kabla yake. Nitayasema tena, maana kuchoka kwangu si sababu ya ninyi kuumia.

Nina jambo moja tu. Mama anayetoka sokoni na kapu lake, akikupungia mkono pale karibu na kituo cha mabasi, haangalii tairi lako. Hakuulizi breki ulizikagua lini. Anavaa helmeti uliyompa, anapanda, anasema Kibagabaga, mnaondoka. Amekukabidhi roho yake na hana njia ya kujua amemkabidhi nani. Hiyo ni amana, wanangu, na amana ya namna hii hailindwi mvua ikishaanza kunyesha. Hulindwa sasa, jua likiwa bado linawaka.

Anzeni na tairi. Kiangazi humvumilia mwenye tairi kipara, kwa kuwa lami kavu inashika hata mpira uliokwisha. Masika hayamvumilii. Ile mifereji ya tairi kazi yake ni kutoa maji ili mpira uguse barabara. Ndani yake mna vinundu vidogo vya alama. Mpira ukishalingana navyo, tairi limekwisha, hata likiwa bado jeusi na linang'aa. Na msibadilishe la nyuma peke yake. La mbele ndilo linaloshika njia unapofunga breki kwenye mteremko, na huku kwetu safari isiyo na mteremko ni ipi?

Kisha breki. Wenye breki za dramu, mpeni fundi azifungue na kuzitoa vumbi la kiangazi chote kabla halijageuka tope humo ndani. Kwenye pikipiki nyingi, nje ya dramu kuna mshale mdogo. Kanyaga breki, inama, utazame: mshale ukipita alama, laining zimekwisha. Kuinama hakuna gharama. Na ukishapita kwenye dimbwi, kanyaga breki kidogo kidogo kwa mwendo wa pole mpaka zikauke, usingoje kuzijaribu mtoto akiwa mbele yako.

Mnyororo uoshwe kwa mafuta ya taa na brashi, ukaushwe, upakwe oili. Mvua huiosha oili hiyo, kwa hiyo kilichokuwa kinatosha mwezi wa kwanza hakitatosha mwezi wa nne. Taa ya nyuma iwake ukibana breki ya mkono na ukikanyaga ya mguu, zote mbili, maana katika mvua kubwa dereva aliye nyuma yako hakuoni wewe, anaiona taa.

Ninyi wa pikipiki za umeme msijitoe kwenye maneno haya. Tangu Januari 2025 Kigali haisajili tena pikipiki mpya ya petroli kwa kazi ya kubeba abiria, kwa hiyo mtazidi kuongezeka. Plagi na oili ya injini mmeziepuka, lakini tairi na breki mnazo kama wenzenu. Tena mota ya umeme hutoa nguvu zake mara tu gurudumu linapoanza kuzunguka. Ukikaza mkono kwa pupa juu ya mawe ya mtaani yaliyolowa, gurudumu la nyuma litakukimbia.

Sasa nije kwenye linaloniuma zaidi. Chukua helmeti ya abiria, igeuze, itazame ndani. Sponji imelala. Kioo kimechubuka hata taa za mbele zinaonekana kama ukungu. Ukanda wa kidevuni umevutwa kwa ajili ya mtu mwenye kichwa kikubwa na haukurudishwa. Klipu imevunjika, na mahali pake pamepigwa fundo. Helmeti ya hivyo inampitisha abiria mbele ya polisi tu. Mwaka 2008 watafiti waliojumlisha tafiti nyingi walikuta kwamba helmeti hupunguza hatari ya kufa kwa mpanda pikipiki aliyepata ajali kwa takriban asilimia 42, na hatari ya kuumia kichwa kwa asilimia 69. Hesabu hiyo haimfai mtu ambaye helmeti yake imechomoka kabla kichwa hakijafika chini. Wewe yako umeifunga vizuri, ni mpya, ina kioo safi. Ya mgeni wako je? Weka klipu nzima, anika sponji kila inapolowa, na usiondoke mpaka umemwona abiria amekaza ukanda. Akisema ni karibu tu, mngoje akaze.

Na wewe mwenyewe ujiandae. Mji wetu uko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na mvua yake ina baridi. Koti bila suruali ya mvua halikusaidii, na ndala si kiatu cha kazi hii. Nunua glavu. Kwa mwendo wa kilomita 60 kwa saa unakata karibu mita 17 kila sekunde. Vidole vyenye ganzi vikichelewa sekunde moja kuvuta breki, mita hizo zote umeshazipita. Usingizi nao ulale. Aliyekesha kazini na kuamkia kazini ana ganzi kichwani, na hiyo haina glavu.

La mwisho ni kusimama. Dakika za kwanza za mvua ndizo zenye utelezi mbaya, kwa sababu maji huinua vumbi na oili iliyolala kwenye lami, na rangi nyeupe ya vivuko hugeuka sabuni. Ingia kibarazani na abiria wako. Maji yakiwa yanatembea barabarani, usiyavuke hata ukiona mwenzako amevuka. Mnakumbuka usiku wa kuamkia tarehe 3 Mei 2023, mafuriko na maporomoko yalipoua watu zaidi ya 130 katika nchi hii, wengi wao katika Mkoa wa Magharibi.

Najua mwenye pikipiki anangoja hesabu yake jioni. Najua watoto wanangoja chakula, na abiria anakuhimiza kwa sababu amechelewa. Siyadharau hayo. Lakini fedha ya nusu saa utaitafuta kesho, ilhali kesho ya aliyevunjika mguu haina kazi, na wale watoto bado wanakula. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, wanangu, na anayelipa ni nyumba nzima.

Polisi wana kampeni yao ya usalama barabarani, Gerayo Amahoro, iliyoanza 2019, na kamera mnazijua zilipo. Ila polisi haoni ndani ya dramu yako, na kamera haisomi fundo la ukanda. Yule mama naye hajui. Katika mji mzima anayejua ni wewe peke yako, na ndiyo maana nimekusemesha wewe.

Basi jioni ya leo, kabla hujaipumzisha pikipiki, anza na helmeti ya abiria. Kesho tairi, kesho kutwa breki. Mungu awalinde na awarudishe nyumbani na abiria wenu. Aliyepo amfikishie asiyekuwepo.