Mtoto Aliyetiwa Hatamu: Filamu ya Wavamizi na Vijana Wetu

Mara nyingi sisi walimu tuulizwapo kama filamu fulani yawafaa vijana, huanza kuhesabu: wameuawa wangapi, damu imeonekana mara ngapi, matusi mangapi yametamkwa. Hesabu hiyo haikosi faida, lakini haigusi kiini cha kazi yenyewe. Tumeona yafaa tulichunguze jambo hili kwa mfano mmoja, nao ni mfululizo wa Falling Skies, uliobuniwa na Robert Rodat na kuonyeshwa katika televisheni ya Marekani tangu mwaka 2011 hadi 2015. Kijana mwenye simu aweza kuutazama hata leo pasipo kumwomba mtu ruhusa.

Viumbe kutoka sayari nyingine wameiteka dunia; majeshi yamevunjwa na miji imekuwa magofu. Tom Mason, mwalimu wa historia katika chuo kikuu mjini Boston, amefiwa na mkewe, naye anajiunga na wapiganaji pamoja na wanawe wawili, Hal na Matt. Wa kati, Ben, ametekwa. Sehemu ya kwanza yafunguliwa kwa michoro ya watoto, huku sauti zao zikisimulia yaliyowafika wazazi wao. Hivyo tangu mwanzo twaambiwa kwamba kitakachopimwa humu ni nyumba ya mtu, wala si vyombo vya angani. Vita vyenyewe, kwa kweli, ndivyo vilivyo dhaifu. Na katika msimu wa mwisho mambo yanakwenda mbio kana kwamba watunzi walikuwa wakikimbilia basi la jioni.

Lililo zito ni hatamu. Wavamizi huwabandika watoto mgongoni kitu chenye uhai, kikashikamana na uti wa mgongo na kuitawala akili. Mtoto aliyetiwa hatamu humtumikia mtekaji bila kunung'unika. Ben anaokolewa, lakini miiba inabaki mgongoni mwake. Ana nguvu zisizo za kawaida, anasikia ya mbali, na kambini wapo wanaomtazama kwa jicho la wasiwasi. Mwenziwe Rick naye anarudishwa kwa baba yake, ila moyo wake umebaki kwa adui. Kisha lafuata jambo kubwa kuliko yote: maiti ya mmoja wa wale viumbe wa miguu sita inapopasuliwa, ndani yake inakutwa hatamu. Kumbe nao walikuwa mateka! Zimwi lile tulilolichukia kwa sehemu saba nzima lilikuwa zamani kiumbe huru, lenye kwao.

Sisi tulio Uganda hatuwezi kulitazama jambo hili kama ndoto ya Wamarekani. Kaskazini mwa nchi yetu kundi la LRA liliwateka maelfu ya watoto. Mwezi Oktoba 1996 liliwachukua wasichana 139 wa shule ya Aboke kwa usiku mmoja. Miongoni mwa watoto waliorudi makwao, wapo waliopokewa kwa machozi ya furaha, na wapo waliopokewa kwa minong'ono. Dominic Ongwen alitekwa akiwa mtoto, akapanda hata akawa kamanda. Mnamo Februari 2021 Mahakama ya Kimataifa ya Jinai ilimtia hatiani, na Mei mwaka huo ikamhukumu kifungo cha miaka 25. Majaji waliuzingatia utoto wake uliovunjwa walipokuwa wakipima adhabu, wala hawakumwondolea hatia. Ni swali lile lile: aliyetiwa hatamu, ni lini aanza kujibu kwa matendo yake mwenyewe? Kijana wa miaka 15 analimudu swali hili, na ni heri akutane nalo kwanza katika hadithi kuliko katika minong'ono ya majirani.

Lakini yupo kijana ambaye nduguye alichukuliwa na hakurudi. Huyo hana haja ya kufundishwa na filamu maana ya kutekwa. Asilazimishwe kutazama, wala asiulizwe sababu mbele ya wenzake. Mwalimu asiyewajua wanafunzi wake vya kutosha kumtambua huyo, basi asiionyeshe filamu hii.

Lawama yetu kubwa i penginepo, nayo ni bunduki. Matt ni mtoto mdogo hadithi ianzapo. Katika misimu ifuatayo twamwona na silaha mkononi, na jambo hilo laonyeshwa kama hatua ya kukua. Jimmy, mvulana aliyekuwa miongoni mwa wapiganaji, anakufa katika msimu wa pili. Majonzi ya wakubwa yameonyeshwa vizuri mno, ila hadithi yasonga mbele upesi pasipo kukaa juu ya swali la nani aliyempa silaha. Mwaka 2012 mahakama ile ile ya Ongwen ilimtia Thomas Lubanga hatiani kwa kuwaingiza jeshini na kuwatumia vitani watoto wa chini ya miaka 15 huko Ituri. Mashujaa wa filamu hii wangekuwa na la kujibu mbele yake.

Hukumu yetu basi ni kwamba yawafaa vijana wa miaka 15 na zaidi, wakiwa na mkubwa wa kuzungumza nao, na msimu wa kwanza wenye sehemu kumi watosha. Tungependa onyesho lisimamishwe baada ya sehemu ya nane, ile ya kupasuliwa maiti. Hapo vijana waandike, kwa Kiswahili, barua ya baba yake Rick kwa mwanawe.