“Je, Nimekuwa Mzigo Kwako?”

Mama mmoja anayemuuguza mumewe kwa saratani alinijia baada ya Misa. Mumewe alikuwa amesikia redioni habari za wagonjwa wanaosafiri kwenda Uswisi ili wasaidiwe kufa. Akanyamaza, kisha akamwambia: “Mama watoto, tungekuwa na pesa, mimi pia ningekwenda.” Mama akaniuliza, “Padre, nimjibu nini?”

Kwanza tulifahamu jambo lenyewe. Kifungu cha 115 cha sheria ya jinai ya Uswisi humwadhibu anayemsaidia mwingine kujiua kwa ajili ya faida yake mwenyewe. Asiye na nia hiyo haadhibiwi. Kwa mlango huo, chama kiitwacho Dignitas, kilichoanzishwa mwaka 1998 karibu na Zurich, hupokea hata wageni ambao nchi zao zinakataza jambo hilo. Mara nyingi mgonjwa husindikizwa na mwenzake wa ndoa. Wanakwenda wawili, anarudi mmoja.

Sheria ya Kenya inakataza kumsaidia mtu kujiua. Kanisa nalo hufundisha kwamba uhai ni zawadi ya Mungu, wala si wetu kuukatiza. Papa Yohane Paulo II alithibitisha hayo mwaka 1995 katika waraka wake Evangelium Vitae.

Lakini, mama, usimjibu mgonjwa wako kwa kumsomea sheria. Sikiliza swali lililofichika katika maneno yake. Ameona ng’ombe wakiuzwa, harambee ikiitishwa, karo ikikosekana, nawe hulali usiku. Anauliza: “Je, nimekuwa mzigo kwako?”

Usimdanganye kwamba hakuna mzigo. Anauona. Mwambie: “Mzigo ni ugonjwa, si wewe. Siku ya arusi niliahidi kuwa nawe katika afya na katika ugonjwa. Hizi ndizo siku nilizoahidi.” Simoni wa Kirene hakuweza kuuondoa msalaba wa Bwana, lakini aliubeba.

Baada ya maneno, tenda. Kanisa halimtaki mgonjwa ateseke bure. Dawa za kutuliza maumivu, hata mofini anayoagiza daktari, zinaruhusiwa. Wala si dhambi kukataa matibabu mazito yasiyolingana na faida inayotarajiwa. Kukubali kifo kinapokuja si sawa na kukileta. Hapa kwetu Nairobi Hospice ilianza kazi hiyo ya kuwatuliza wagonjwa mwaka 1990, na leo zipo hospitali nyingine zenye huduma kama hiyo. Ulizia. Na akizidi kusema anataka kufa, usiifanye siri. Mweleze daktari mara moja.

Wewe unayeuguza, usibebe peke yako. Iombe Jumuiya Ndogo ya Kikristo ipange zamu, hata ya usiku mmoja kwa wiki, upate kulala. Mwite padre mapema. Mpako wa Wagonjwa ni kwa walio hai. Usingoje mpaka mgonjwa ashindwe kusema.

Nanyi mlio wazima, zungumzeni leo. Baba, umewahi kumwambia mkeo kwamba akishindwa kutembea bado atakuwa mkeo? Mama, umewahi kumhakikishia mumeo kwamba humpendi kwa sababu ya mshahara wake? Neno hilo likisemwa mapema, siku ya ugonjwa halitahitaji kutafutwa.

Mungu awabariki.