Kila Mtu Analalamika, Kila Mtu Anafanya



Nani kati yetu hajamsikia mzazi akilalamika kwamba harusi zimekuwa mzigo? Ukumbi, sare, vyakula, madeni. Lakini siku ya mwanawe ikifika, mzazi huyohuyo anakopa. Je, ni mnafiki?

Nadharia ya michezo, elimu ya hisabati inayochunguza uamuzi wa mtu unaotegemea uamuzi wa wenzake, ingejibu kuwa si lazima awe mnafiki. Akifanya harusi ndogo peke yake, atasemwa kuwa hana kitu au hampendi mtoto wake. Kuacha peke yako ni hasara. Kuacha pamoja ni nafuu kwa wote.

Huko China, kwa karne nyingi, wasichana walifungwa miguu tangu utotoni ili ibaki midogo. Wazazi waliyaona maumivu, ila walihofia kwamba asiyefungwa hataolewa. Mwaka 1996 msomi Gerry Mackie alieleza jinsi desturi hiyo ilivyovunjika: viliundwa vyama ambamo wazazi waliahidi kutowafunga binti zao, na pia kutowaoza wana wao wasichana waliofungwa. Ahadi ya pili ndiyo iliyoondoa hofu.

Sasa, je, hesabu hii inatupa udhuru? Hapana. Qur'ani inawakemea wanaojitetea kwamba wanafuata tu waliyowakuta nayo baba zao, na kila nafsi itaulizwa peke yake. Lakini kuulizwa peke yako si kuamrishwa upambane peke yako. Kabla ya utume, mfanyabiashara wa Yemen alidhulumiwa Makka, akaomba msaada, baadhi ya wakubwa wakamkatalia. Ndipo koo kadhaa zikakutana nyumbani kwa Abdullah bin Jud'an, zikaapa kusimama pamoja na kila aliyedhulumiwa. Huo ndio mkataba wa Hilful Fudhul. Mtume (S.A.W.) alikuwepo, na hata baada ya Uislamu aliendelea kuusifu.

Basi kabla hatujahitimu, tukae pamoja, tuwashirikishe na wazazi, tuahidiane mambo mawili. La kwanza: walima wa kila mmoja wetu utakuwa wa uwezo wake, bila deni. La pili, ambalo ndilo zito: tutahudhuria walima mdogo wa mwenzetu, tule kilichopo, tumwombee dua, na tukitoka pale tusimseme.

Allah atuwafikishe. Amin.